Kabla Hujabonyeza "Futa Diski": Vijana wa Bukoba na Muleba Waliofufua Kompyuta za Wazee kwa Linux

Mwaka 2014, Hamugembe, Bukoba. Mwalimu mmoja mstaafu ana kompyuta ya mezani, zile za skrini yenye kichogo kirefu. Pentium 4, RAM 512 MB, diski GB 40. Aliletewa na mwanawe kutoka Dar kwa basi, imefungwa kwenye blanketi.

Ndani kuna picha za marehemu mkewe. Za sherehe, za shambani kwenye migomba, na za mwezi wa mwisho kabla mama hajalazwa. Hazipo kwenye simu wala kwenye albamu. Ziko humo tu.

Siku hiyo mashine imegoma. Ikiwashwa inazunguka nusu saa, virusi vimejaa, mafolda yote yamegeuka shotikati. Fundi wa kwanza akaangalia mara moja tu: "Mwalimu, hapa tunapiga Windows upya."

"Na picha?"

Fundi akakaa kimya. Mwalimu akachukua mashine yake, akarudi nyumbani.

Wadau, hapo ndipo anapoingia dogo mmoja wa Muleba. Lakini ili kumwelewa, lazima kurudi nyuma kidogo.

Kompyuta ilifikaje mpaka kijijini

Wengi waliozaliwa miaka ya 90 hawajui kwamba mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Ilikuwa enzi ya Ujamaa, fedha za kigeni ngumu, na mashine hizo zilionekana anasa inayokula hela na ajira za watu. Miaka mingi ilipita kabla milango haijafunguka vizuri. Zilipoanza kuingia kwa wingi, nyingi za watu wa kawaida zilikuwa mitumba. Ofisi ya Ulaya imechoka nayo, huku inapokelewa kama mgeni wa heshima.

Kagera ilikuwa na ugumu wake wa ziada. Kwa miaka mingi umeme wa Bukoba ulitoka Uganda, unapitia Masaka na Kyaka. Ukikatika, umekatika. Mvua za Bukoba nazo hazitanii, radi ikipiga usiku na hujachomoa waya, asubuhi unanusa harufu ya kuungua. Kwa hiyo mtu akipata kompyuta ikadumu, habadilishi. Anakaa nayo miaka kumi. Na kwa watu ambao utani wa "nshomile" unawafuata kila kona ya nchi, kompyuta sebuleni haikuwa pambo tu. Ilikuwa ishara kwamba nyumba hii watu wamesoma.

Linux inatoka wapi?

Agosti 1991, mwanafunzi wa Helsinki, Finland, anaitwa Linus Torvalds, alitangaza kwamba anatengeneza mfumo wa kuendeshea kompyuta, bure, kama hobi tu. Akasema hautakuwa mkubwa. Leo Android iliyo kwenye simu yako imesimama juu ya kazi hiyo hiyo.

Oktoba 2004 ikatoka Ubuntu, iliyoanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina lenyewe ni utu. Mhaya hahitaji mkalimani hapo, maana kwao mtu ni omuntu na watu ni abantu. Ubuntu za mwanzo zilikuja hadi na video ya Mandela akieleza maana ya neno hilo.

Sasa sikia hii. Kampuni inayoisimamia, Canonical, ilikuwa inatuma CD za bure popote duniani. Unajaza anwani yako na S.L.P., unasubiri wiki kadhaa, bahasha inakukuta posta bila kulipa hata senti. Mpango huo ulidumu mpaka 2011. Kwa mtu ambaye kushusha MB 700 kwenye intaneti kafe ilikuwa ndoto, ile bahasha ilikuwa dhahabu.

Desemba 2004 hiyo hiyo, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wenzao wa Sweden, kupitia mradi ulioitwa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili kitupu. Watu walikaa chini wakajadili neno moja moja, hili tuliiteje, lile tuliiteje. Ukiuliza mtaani majina yao, hakuna anayeyajua. Na ukweli mchungu ni kwamba wengi waliishia kutumia Kiingereza tu, kwa sababu ndicho walichokikuta kwenye kila mashine ya steshenari.

Dogo wa Muleba na kosa lake

Tarehe 8 Aprili 2014 Microsoft iliacha kuihudumia Windows XP. Windows 7 ilitaka RAM isiyopungua GB 1. Mashine za aina ya ile ya mwalimu zikabaki njia panda: XP imezeeka, 7 haiingii. Siku tisa baadaye, tarehe 17 Aprili, ikatoka Lubuntu 14.04, Linux nyepesi ambayo 512 MB inaibeba.

Dogo alikuwa amemaliza fomu foo, anasaidia kwenye kibanda cha fundi simu pale Muleba mjini. CD ya Lubuntu aliipata kwa jamaa aliyeishushia Mwanza akampa kondakta, maana mabasi ya Mwanza hupita Muleba kabla ya kufika Bukoba.

Jaribio lake la kwanza lilikuwa janga. Alichukua laptop ya mtumba ya nyumbani, akaweka CD, akawa anabonyeza "endelea, endelea". Ikaja sehemu ya kuchagua: kuweka Linux pembeni ya Windows, au kufuta diski yote. Hakusoma. Dakika ishirini baadaye Linux ilikuwa inang'aa, na kazi ya utafiti ya dada yake wa chuo ilikuwa imekwenda. Juu ya hapo Wi-Fi haikusoma, na ili kuipata dereva yake ilibidi uwe na intaneti, ambayo ndiyo hiyo huna.

Dada hakumsemesha wiki mbili. Aliandika upya kazi nzima kwa mkono, dogo akiwa amekaa pembeni anamshikia taa.

Wengi waliojifunza Linux wenyewe wamepita hapo hapo. Hakuna mwalimu, hakuna kitabu, na somo la kwanza analilipia mtu mwingine.

Siku ya mwalimu

Aliposikia habari za mwalimu wa Hamugembe, dogo alipanda Hiace mpaka Bukoba.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Picha za mama zitapona?"

"Sijui mwalimu. Ila leo sifuti kitu mpaka uzione."

Alichofanya ni kitu ambacho wanaoanza wengi hurukia. CD ya Linux inakuruhusu kujaribu bila kusakinisha. Mfumo unakaa kwenye RAM, diski haiguswi. Virusi vya Windows pale havina meno, na mafolda yaliyofichwa yanaonekana. Kwa 512 MB ilienda kwa kujivuta, lakini ilifunguka. Folda la picha likatokea.

Akanakili kwenye flashi mbili. Akamwomba mwalimu azichomeke mwenyewe kwenye kompyuta ya steshenari ya jirani, azifungue moja moja. Mwalimu alipofika kwenye picha ya shambani, akavua miwani. Ndipo dogo akarudi kubonyeza "futa diski yote".

Mashine ikawaka kwa Lubuntu. Haikuwa muujiza: printa ya mwalimu iligoma kabisa, na video za mtandaoni zilikuwa zinakatakata. Lakini barua ziliandikika, picha zilifunguka, virusi vikaisha. Mwalimu hakuhitaji zaidi.

Sasa hivi

Historia imejirudia, wadau. Tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 nayo imefika mwisho wa huduma yake ya kawaida, na Windows 11 inakataa laptop nyingi ambazo bado ni nzima. Linux yenyewe inaanza kuwaaga wazee: Debian 13 ya Agosti 2025 haina tena CD ya kusakinishia kompyuta za biti 32. Za kizazi cha mwalimu zinaelekea ukingoni. Zako za miaka kumi iliyopita bado zina maisha.

Kwa anayeanza, njia ni ile ile ya dogo. Nakili kwanza, tena sehemu mbili. Hakikisha nakala zinafunguka. Jaribu bila kusakinisha uone Wi-Fi na sauti. Wi-Fi ikigoma, chomeka simu kwa waya wa USB ugawe bando. Halafu soma kila kilichoandikwa kabla ya kubonyeza.

Kwenye diski kuukuu, chenye thamani si Windows wala Linux. Kuna watu wamebaki humo tu.

Wewe mdau, ulishawahi kufutiwa kitu na fundi, au ndiye uliyefuta? Funguka hapo chini.