Hoteli na Lojing: Historia ya Malazi ya Wasafiri Kisumu na Viunga Vyake

Msafiri atokaye Kericho kwenda Kisumu hupita Awasi, katika uwanda wa Kano, akaona vibanda vyenye ubao ulioandikwa "hoteli". Akiomba kitanda ataelekezwa kwingine, kwani humo huuzwa chai, chapati, ugali na samaki. Atakaye kulala huulizia "lojing". Mtengano huu wa maneno una historia, nayo yafaa ichunguzwe kabla matumizi ya Awasi hayajahukumiwa kuwa makosa.

Kabla ya reli, mgeni katika nchi ya Wajaluo hakulipia malazi. Wazee walipokewa katika duol ya mwenye boma. Vijana walilala katika simba, nyumba ya mwana asiyeoa. Misafara ya pwani nayo ilipiga kambi Mumias. Hata jina Kisumu huelezwa kuwa latokana na neno la Kijaluo lihusulo kutafuta chakula kwa kubadilishana.

Reli ilifika ziwani Desemba 1901, mahali palipoitwa Port Florence. Kandokando ya njia hiyo abiria waliwekewa nyumba za mapumziko zilizoitwa kwa jina la Kihindi, dak bungalow, yaani nyumba ya njia ya posta. Katika miaka ya 1930 Kisumu ikawa kituo cha ndege za Imperial Airways, na ndege zilizotua majini ziliteremkia ziwani. Hoteli za wakati huo zilikuwa za Wazungu; Mwafrika aliziingia akiwa mpishi, mfuaji au mtumishi wa mezani.

Je, neno "hoteli" lilipataje kuwa jina la nyumba ya chakula? Maelezo mawili yawezekana. La kwanza ni kwamba Mwafrika, aliyenyimwa kitanda, alibaki na ile nusu ya hoteli aliyoweza kuimiliki, yaani meza na sufuria. La pili ni kwamba maana hiyo ilitoka Bara Hindi, ambako nyumba za chakula huitwa hivyo hivyo. Na wafanyakazi zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka huko kujenga reli, baadhi yao wakabaki.

Elezo la kwanza lagusa moyo, lakini peke yake halitoshi, kwani halielezi matumizi ya Bara Hindi. La pili laonyesha mahali ambapo maana hiyo yaweza kuwa ilitoka, ila halielezi kwa nini ilishika mizizi. Basi yaelekea yote mawili yalisaidiana: maana ililetwa na reli, ikastawishwa na ubaguzi.

Baada ya uhuru wa 1963 milango ya hoteli ilifunguliwa kwa wote, na Kisumu ikapata hoteli kubwa za kulala, kama Sunset iliyojengwa ufukoni katika miaka ya 1970. Hata hivyo maana ya Awasi haikufa. Mtunga kamusi anayeandika maana ya malazi peke yake hasahihishi lugha. Afuta ushahidi wa watu ambao kwa miaka mingi walijenga hoteli zao wenyewe, zisizo na vitanda.