Sambusa ya Baghdad: Mapishi Yaliyookolewa na Kalamu



Ramadhan imeingia, na ikishapita alasiri, mitaa yetu waijua kwa harufu: sambusa, kaimati, viazi karai, mahamri na mbaazi za nazi. Wengi wetu twadhani mapishi haya yalianza na nyanya zetu. La, hasha! Mengine yana umri wa mamia ya miaka, na tunajua hivyo kwa sababu moja tu: kuna mtu alichukua kalamu akayaandika. Hebu twende pamoja Baghdad.

Mwaka 1226 (623 Hijria), Muhammad bin al-Hasan al-Baghdadi aliandika kitabu kiitwacho Kitab al-Tabikh, yaani Kitabu cha Mapishi. Si kitabu kikubwa, kina mapishi kama 160 hivi. Katika utangulizi wake asema kwamba starehe za dunia ni sita: chakula, kinywaji, mavazi, tendo la ndoa, manukato na sauti nzuri. Kisha akasema iliyo bora kati ya hizo ni chakula, kwa sababu ndicho kinachousimamisha mwili. Kwake yeye, kufurahia chakula cha halali hakukuwa jambo la kuonea haya.

Tena alikuwa makini. Amtaka mpishi awe amekata kucha. Amwambia achague chungu cha mawe kwanza, kisha cha udongo, na sufuria ya shaba iwe ni ya dharura tu.

Sasa sikiliza sambusa yake. Wachukua nyama iliyokatwakatwa ndogo ndogo na kutiwa viungo. Wachukua mkate mwembamba, waukata vipande virefu kama mikanda, watia nyama, wakunja pembe tatu, kisha wagandisha kwa unga uliokandwa na kukaanga kwa mafuta ya ufuta. Je, si manda hizi hizi? Si ule ule uji wa ngano tunaogandishia ncha? Hata jina limetoka mbali, kwani asili yake ni Kiajemi. Karibu miaka 800 imepita na mkunjo ni ule ule.

Na kaimati nazo? Katika kitabu hicho hicho mna chakula kiitwacho luqam al-qadi, yaani matonge ya kadhi. Unga huumuliwa, ukatwa vitonge vidogo, ukakaangwa, kisha ukachovywa kwenye shira na kunyunyiziwa sukari. Bokoboko tunalokula kwenye harusi na sikukuu pia lina ndugu yake mle, nayo ni harisa ya ngano na nyama.

Vijana wa kiume, msifunue ukurasa mkidhani haya ni ya dada zenu. Ibrahim bin al-Mahdi, mtoto wa khalifa na ndugu wa Khalifa Harun al-Rashid kwa baba, aliyefariki mwaka 839, alisifika kwa mapishi, na mengi yake yalihifadhiwa katika kitabu cha Ibn Sayyar al-Warraq katika karne ya 10. Na juu ya wote hao, Bi Aisha (R.A.) alipoulizwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kwamba alikuwa akiwahudumia watu wake, na wakati wa swala ukifika hutoka akaenda kuswali. Basi nani kati yetu ni mkubwa hata ashindwe kukunja sambusa mbili tatu?

Mwaka 1258, miaka 32 tu baada ya kitabu kile, jeshi la Wamongolia chini ya Hulagu liliingia Baghdad. Khalifa al-Musta'sim aliuawa, na watu wengi mno wakauawa pamoja naye. Fikiria majiko mangapi yalizimika siku zile. Lakini kitabu kilibaki. Nakala yake ilihifadhiwa Istanbul, na mwaka 1934 ikachapishwa kule Mosul. Mji ulianguka lakini mapishi yakapona.

Turudi kwetu. Mwaka 1331 Ibn Battuta alipita pwani hii. Mogadishu alikaribishwa wali wa samli kwa kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na achari ya ndimu. Mombasa akaona watu chakula chao ni ndizi na samaki. Ni ushahidi mzuri, lakini ni ushahidi wa mlaji. Alitueleza kilichokuwa kwenye sinia, hakutueleza kilivyopikwa. Waliojua ni kina mama walioko jikoni, na hakuna aliyewauliza.

Na sisi je, tumewauliza? Ukimuuliza nyanya mkate wa mayai watiwa sukari kiasi gani, atakwambia "kisia tu." Yeye mkono wake ndio mizani. Siku Allah akimchukua, mkono ule haupo tena. Utabaki na bati na makaa, moto juu na moto chini, na mkate hauumuki.

Kwa hivyo Ramadhan hii, kabla ya kukimbilia manda za dukani, ingia jikoni na daftari. Kabla hajatia unga, upime kikombe. Tazama tui la kwanza laingia lini na la pili lini. Uliza jina la chakula, na nani alimfundisha. Andika jina lake pia. Kisha pika mwenyewe, ukosee, upike tena, na sahani moja umpelekee jirani, kwani anayemfuturisha aliyefunga hupata ujira mfano wa ujira wake.

Allah atukubalie funga zetu, awape umri wazee wetu na awarehemu waliotangulia. Amin.

Ramadhan Karim!