Ulaji wa mafuta wa magari ya porini katika barabara kuu za uwanda wa kati

Ulaji wa mafuta wa magari ya porini katika barabara kuu ni kiasi cha dizeli au petroli kinachotumiwa na gari lililoundwa kwa ajili ya matope, mchanga na mawe pale linaposafiri mwendo mrefu juu ya lami. Katika uwanda wa kati wa Tanzania jambo hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa gari lile lile lililonunuliwa ili lifike vijiji vya Chemba, Mpwapwa au Itigi ndilo linalompeleka mwenyewe Dar es Salaam, umbali wa kilomita 450 hivi kutoka Dodoma. Magari yanayohusika zaidi ni Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 70, yaani hardtop na pikapu zake ambazo wengi huziita mkonga, pamoja na Prado, Hilux, Nissan Patrol, Land Rover Defender na mashangingi yenye injini ya V8.

Kwa miaka mingi swali hili liliwahusu watu wachache. Barabara ya Dodoma hadi Babati kupitia Kondoa, na ile ya Dodoma hadi Iringa kupitia Mtera, zilikuwa za udongo ingawa ni sehemu ya njia kuu ya kale iliyokusudiwa kuunganisha Cape Town na Cairo. Lami ya barabara hizo mbili ilizinduliwa rasmi Aprili 2018, mwezi ule ule Dodoma ilipopandishwa hadhi kuwa jiji. Tayari tangu 2016 serikali ilikuwa imeanza kuhamia huko kwa kishindo, na magari ya kazi yakaanza kwenda na kurudi pwani kila wiki. Kwenye vumbi mafuta huliwa na mchanga, mashimo na gia ndogo. Kwenye lami huliwa na hewa. Madereva wengi wa uwanda bado wanaendesha kwa mazoea ya vumbi, na hapo ndipo shilingi nyingi zinapopotelea.

Hewa na mwinuko

Ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa mwendo. Gari likitoka kilomita 80 kwa saa kufika 100, nguvu ya hewa inayolizuia huongezeka kwa asilimia 56. Likifika 120, nguvu hiyo huwa mara mbili na robo ya ile ya 80. Gari dogo la chini, lenye pua iliyolala, hulimudu ongezeko hilo. Hardtop ina kioo cha mbele kilichosimama kama ukuta, paa la juu na pembe kila upande, na hakuna ufundi wa gereji unaoweza kulibadilisha umbo hilo. Kinachobaki mikononi mwa dereva ni mwendo wenyewe.

Dodoma iko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na joto likiwa sawa hewa yake ni nyepesi kwa asilimia 12 hivi kuliko ya pwani. Wepesi huo unapunguza ukinzani kwa kiasi hicho hicho, na hii ni faida halisi kwa anayesafiri Manyoni au Singida bila kushuka uwanda. Lakini injini nayo inapata hewa pungufu. Injini ya dizeli ya 1HZ, iliyobeba Land Cruiser nyingi za kazi Afrika Mashariki, ina silinda 6 na ujazo wa sentimita za ujazo 4,164, na haina tabochaja; juu ya uwanda hupoteza takriban sehemu ya kumi ya nguvu zake. Kama pampu yake haina kifaa cha kupunguza mafuta kulingana na mwinuko, dereva akikanyaga mpaka mwisho, dizeli inayoingia huzidi hewa ya kuichoma, na ziada yake hutoka ikiwa moshi mweusi. Moshi huo ni fedha ya mwenye gari inayopotea hewani. Anayeuona kwenye kioo anapopanda kuelekea Gairo anapaswa kulegeza mguu, maana kukaza hakumwongezei mwendo wa maana.

Mpando wenyewe una bei inayoweza kukokotolewa. Kulinyanyua gari la tani 2.5 kutoka usawa wa bahari hadi mita 1,100 kunahitaji karibu lita 2.5 za dizeli, ikichukuliwa kwamba injini inageuza kama asilimia 30 ya nishati ya mafuta kuwa kazi. Ndiyo maana safari ya kutoka Dar kwenda Dodoma hula zaidi kuliko ya kurudi hata dereva akiwa yule yule na mzigo ule ule. Fundi analaumiwa bure mara nyingi kwa tofauti hii.

Upepo wa kiangazi huvuruga hesabu hizo. Kati ya Juni na Oktoba uwanda hupigwa na upepo wa mashariki na kusini-mashariki. Huko Singida nguvu yake imetajwa kwa miaka mingi katika mipango ya kuzalisha umeme. Gari linaloelekea Morogoro kwa kilomita 90 kwa saa, likipokewa usoni na upepo wa kilomita 20, hupambana na hewa sawa na gari linalokwenda 110 siku ya utulivu. Upepo kwa kawaida huwa mdogo alfajiri na hukaza jua linapopanda, hivyo kuondoka mapema kuna manufaa zaidi ya kukwepa joto.

Mwendo

Mvuto mkubwa kabisa wa 1HZ unapatikana kwenye mizunguko 2,200 kwa dakika. Kwa gia ya tano na matairi membamba ya kiwandani ya 7.50R16, mizunguko hiyo huangukia karibu na kilomita 90 kwa saa. Mwendo wa 80 hadi 90 basi ndio uliolingana na gari hili: injini imetulia, hewa haijawa kali, na milima midogo ya Pandambili na Kibaigwa hupandwa bila kurudi gia ya nne kila mara. Katika mwendo huo mkonga mzima wa 1HZ, usio na keria wala mzigo mkubwa, unaweza kukaribia kilomita 10 kwa lita. Ukiusukuma 110 au zaidi, utashuka kuelekea 7.

Wanaobisha hutaja muda. Tuseme katika safari ya Dar kuna kilomita 250 ambazo barabara iko wazi kiasi cha kuchagua mwendo. Kwa 110 zitachukua saa mbili na dakika 16. Kwa 90, saa mbili na dakika 47. Nusu saa hiyo inanunuliwa kwa ukinzani wa hewa uliozidi kwa nusu, na mara nyingi inarudishwa yote nyuma ya malori pale Dumila au kwa askari wa trafiki mwenye tochi.

Vibao vya 50 navyo havikwepeki, kwani vijiji vimepangana kando ya barabara. Kuliharakisha gari la tani 2.5 kutoka 50 hadi 90 hutumia kama mililita 50 za dizeli zaidi ya zile za kulisogeza tu; kutoka 50 hadi 110 hutumia karibu mililita 85. Ni kidogo, lakini zidisha kwa vijiji vyote vya njiani, kwenda na kurudi. Anayekiona kibao kwa mbali akaondoa mguu na kuliacha gari lipoe lenyewe hutumia mwendo alioulipia tayari, na anayefunga breki kibaoni anaugeuza kuwa joto la pedi. Kuweka gia huru mteremkoni ni jambo tofauti kabisa na halifai. Mguu ukitoka kwenye mafuta huku gia imeshika, pampu ya dizeli hukata mafuta yenyewe, na injini za petroli za kisasa hufanya vivyo hivyo. Gia huru haiokoi kitu hapo, ila humwondolea dereva msaada wa injini katika miteremko kama ya Saranda na Nyang'oro, ambako breki zikichemka hakuna pa kukimbilia.

Vilivyofungwa juu na chini

Keria ya chuma juu ya paa ndicho kifaa kinachokula mafuta bila kufanya kazi siku nyingi za mwaka. Hata ikiwa tupu inavuruga hewa. Ikibeba tairi la akiba, madumu na turubai lililolegea inakuwa paa la pili. Watu huhangaikia uzito zaidi, na uzito ndio wenye lawama ndogo: kilo 100 za ziada ndani ya gari, kwa safari nzima ya kupanda hadi Dodoma, hazifikishi lita moja. Magunia ya mahindi ya Kibaigwa yaliyolazwa ndani ya bodi yana nafuu kubwa kuliko tenga moja la zabibu lililosimamishwa juu. Keria nyingi zimeshikwa kwa boliti ambazo hufunguliwa kwa nusu saa, na sioni sababu ya kuisafirisha Dar es Salaam keria isiyo na kitu.

Matairi mapana yenye meno makubwa hupendwa kwa sura yake. Juu ya lami hunguruma, huongeza ukinzani wa kubingirika na kwa upana wake huongeza hata ule wa hewa. Yakiwa na kipenyo kikubwa kuliko ya kiwandani, hudanganya pia: tairi likizidi kwa asilimia 5, kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi hupungua kwa kiasi hicho, na mwenye gari hulia kwamba ulaji umepanda kumbe sehemu ya ongezeko hilo ni ya mita tu.

Upepo wa matairi unastahili uangalifu kuliko unaoupata. Anayepunguza upepo ili avuke mchanga wa mto wa msimu, kisha akaingia lami bila kujaza tena, hupoteza mafuta na kuyachemsha matairi hadi kuhatarisha maisha. Kuna pia jambo la mwinuko. Kipimo husoma tofauti kati ya hewa ya ndani na ya nje, kwa hiyo tairi lililojazwa pauni 35 Dodoma litasoma karibu 33 likifika pwani katika joto lile lile. Anayekaa pwani siku nyingi apime tena, asubuhi kabla gari halijatembea.

Magari yenye loki za mbele yafunguliwe loki hizo kwenye lami, ili ekseli na shafti za mbele zisizungushwe bure. Kuendesha kwa magurudumu manne juu ya lami kavu, katika magari yasiyo na difu ya kati, huharibu kabla hata ya kula mafuta.

Injini na mafuta

Vumbi la uwanda huziba filta ya hewa mapema kuliko kitabu cha gari kinavyotabiri. Katika dizeli ya zamani filta iliyoziba huleta moshi mweusi na ulaji mkubwa, wakati katika petroli ya kisasa hasa hupunguza nguvu. Nozeli zilizochakaa, breki inayoshika kidogo na beringi iliyokazwa kupita kiasi zina athari zake, na gurudumu lenye joto kuliko wenzake baada ya safari hujitaja lenyewe ukilisogezea kiganja. Kosa lililoenea gereji nyingi ni kuondoa themostati kwa hoja kwamba nchi ni ya joto. Asubuhi za Juni na Julai Dodoma ni za baridi, na injini isiyofikia joto lake huchoma vibaya na kuchakaa haraka. Themostati irudishwe, na kama injini inachemka, rejeta ndiyo itazamwe.

Ubora wa mafuta ulikuwa kilio kikubwa miaka ya uchakachuaji, dizeli ilipochanganywa na mafuta ya taa, ambayo lita yake ina nishati pungufu na hulainisha pampu vibaya. EWURA, mamlaka inayotangaza pia bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, ilianzisha vinasaba katika mafuta mwaka 2010, na mwaka uliofuata kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili faida ya kuchanganya itoweke. Kuhusu sumaku za kufunga kwenye bomba la mafuta na vifaa vingine vya miujiza, EPA, shirika la mazingira la Marekani, limepima zaidi ya vifaa 100 na halikupata kimoja kilichopunguza ulaji kwa kiasi cha maana.

Kupima

Njia ya kuaminika ni kujaza tangi mpaka shingoni, kusafiri, kisha kujaza tena na kugawanya kilomita kwa lita zilizoingia. Dizeli hutoa povu, hivyo isubiriwe itulie, na gari lisimame pale pale penye usawa ule ule. Hardtop yenye matangi mawili ijazwe yote mawili mara zote, la sivyo hesabu haina maana. Kilomita za dashibodi zilinganishwe kwanza na GPS ya simu. Kwa sababu ya mpando na upepo, kipimo cha njia ya Dar es Salaam kikamilike gari linaporudi Dodoma; cha kwenda peke yake kitalipamba gari kwa sifa isiyo yake.