Kidonda cha Mgandamizo: Historia ya Jina na ya Tiba Yake

Mchimbaji wa dhahabu wa Geita au Kahama akifukiwa na udongo ndani ya duara, uti wa mgongo ukavunjika, huweza kutolewa akiwa hai na kufikishwa hospitali; kisha, baada ya wiki kadhaa, akafa kwa kidonda alichokipata kitandani. Wengi hukiita kidonda cha kulala. Wako pia wakiitao donda ndugu, jina ambalo halikifai hata kidogo, maana donda ndugu ni ugonjwa mwingine.

Jina la kulala si letu peke yetu. Waganga wa Ulaya nao walitumia neno la Kilatini lenye maana hiyo hiyo. Katika karne ya 19 Charcot wa Paris alifundisha kwamba kidonda hiki huzaliwa na kuumia kwa mishipa ya fahamu yenyewe, na fundisho hilo lilimwachia mganga kazi ndogo sana. Brown-Séquard, mzaliwa wa Morisi, kisiwa cha bahari yetu hii, alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba mnyama aliyepooza akitunzwa vema hakipati. Hata hivyo ilibidi kungoja mwaka 1944, Ludwig Guttmann alipoanza kuwageuza waliopooza kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, huko Stoke Mandeville, Uingereza. Tangu hapo neno mgandamizo likashika nafasi ya kulala, na kwa haki: aketiye kwenye kiti cha magurudumu hakulala, lakini hupata kidonda makalioni.

Ndipo ikaja mashine. Sauti ipitayo mitetemo 20,000 kwa sekunde haisikiki na binadamu. Langevin wa Ufaransa aliitumia katika Vita Kuu ya Kwanza kutafuta nyambizi. Baadaye Wajerumani wakaielekeza kwenye mwili wa mgonjwa, wakitumaini kwamba mtetemo utaamsha nyama ipone upesi. Mwaka 2006 watafiti walikusanya majaribio matatu ya tiba hiyo juu ya vidonda vya mgandamizo, yenye wagonjwa 146, wasione ushahidi kwamba inafaa.

Hapa mfasiri ana kazi. Kwetu ultrasaundi ni picha ya mtoto tumboni. Mgonjwa wa Shinyanga akiambiwa kwamba kidonda chake kitapigwa ultrasaundi, ataamini kinapigwa picha, naye ataridhia jambo asilolijua. Heri tuseme tiba ya mawimbi ya sauti, na ultrasaundi ibaki kuwa picha.

Lakini neno linaloniudhi zaidi ni dogo kuliko hayo. Mwaka 2016 jopo la Marekani lishughulikialo vidonda hivi liliacha kusema kidonda, likasema jeraha la mgandamizo, kwa kuwa madhara huanza ngozi ikiwa bado nzima. Dalili ya kwanza katika vitabu vyao ni wekundu usiofifia ukibonyezwa, nasi tunafasiri wekundu bila kusita. Ngozi nyeusi haionyeshi wekundu huo kwa urahisi. Muuguzi amtazamaye mchimbaji wetu yampasa aandikiwe kwamba mahali hapo huenda pakawa peusi zaidi au pa zambarau, pakawa na joto au baridi kuliko pembeni, pakawa pagumu au pakabonyea, na mgonjwa, kama bado ana hisia, akalalamika maumivu.