Mpatanishi si mwamuzi: Maneno mawili katika historia ya migogoro ya kazi

Mfanyakazi wa kaunti kule Kitui, au wa shamba la mkonge kule Kibwezi, Makueni, akiambiwa kwamba mgogoro wake na mwajiri umepelekwa kwa “usuluhishi”, ana haki ya kuuliza: huyo msuluhishi ataniamulia au atatushauri tu? Kiswahili chetu cha Kenya hakimjibu. Aghalabu tunatumia upatanishi na usuluhishi kana kwamba ni pacha, na wapo wanaoita usuluhishi hata kazi ya kukata shauri. Wenzetu Tanzania wana Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Jina lenyewe limezitenga kazi hizo mbili.

Tofauti hii si ya kamusi tu. Miongoni mwa Wakamba, kesi zilisikizwa na nzama, yaani baraza la wazee. Uzito wa neno la wazee ulitokana na jamii iliyowazunguka. Mdai na mdaiwa walikuwa majirani, na kesho wangekutana tena kisimani.

Ajira ya mshahara ilipowavuta vijana wa Ukambani hadi kwenye reli na bandari ya Mombasa, baraza hilo lilibaki nyuma. Mnamo Januari 1947, wafanyakazi wapatao 15,000 waligoma mjini humo kwa siku 12. Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria, aliwaendea na kuwarai warudi kazini. Hakuwa na amri juu yao wala juu ya mabosi wao. Alikuwa na ulimi tu. Huyo ni mpatanishi. Baadaye jopo lililoongozwa na Jaji Thacker lilisikiliza ushahidi na kutoa uamuzi kuhusu malipo. Hao ni waamuzi. Naye kiongozi wa wafanyakazi, Chege Kibachia, alikamatwa Agosti mwaka uo huo, akapelekwa uhamishoni.

Baada ya uhuru, Mahakama ya Viwanda iliundwa mwaka wa 1964. Ndiyo mzazi wa Mahakama ya Leba ya leo. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 nayo inaanza na upatanishi: mgogoro ukiripotiwa, Waziri huteua mpatanishi, naye ana siku 30 za kujaribu kuutatua, isipokuwa pande zote zikubaliane kumwongezea muda. Akishindwa, mgogoro huweza kupelekwa mahakamani.

Msomaji, napendekeza tuseme mpatanishi kwa anayetafuta maafikiano, na mwamuzi kwa anayekata shauri. Suluhu liwe jina la matokeo, si la njia. Mbele ya mpatanishi, mfanyakazi anaweza kusema “la” na akaondoka na haki zake zote. Lakini akishatia saini mwafaka, umemfunga. Asiyejua tofauti hiyo huenda akatia saini akidhani amekwisha kuamuliwa.