Watoto wa Siaya na Chanjo ya Malaria

Kama ulizaliwa kati ya 2008 na 2010 pale Siaya, Kombewa au Kilifi, hebu muulize mamako: niliwahi kuwa kwenye utafiti wa malaria?

Manze, jibu linaweza kukushtua. Chanjo ya RTS,S ilitengenezwa 1987 na wanasayansi wa GSK kule Ubelgiji. Jaribio lake kubwa kabisa lilianza 2009: watoto 15,459, nchi saba za Afrika, Kenya ikiwemo. Na theluthi moja yao hawakupewa chanjo ya malaria hata kidogo. Waliokuwa wakubwa kidogo walidungwa ya kichaa cha mbwa, wale wachanga ya homa ya uti wa mgongo, ili watafiti wapate cha kulinganisha. Mama hakujua wake amepata ipi. Fikiria hiyo. Unambeba mtoto mgongoni hadi kliniki, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na hujui.

Kwa watoto wakubwa waliopata dozi zote nne, malaria ilipungua kwa karibu asilimia 36. Wengine waliiona ndogo. Mimi siioni ndogo, kwa sababu kuna mtoto huugua malaria mara kadhaa kwa mwaka mmoja. 2019 ikaanza kutolewa Homa Bay, 2021 WHO ikaipendekeza kwa watoto wa Afrika.

Shuleni tulikaririshwa Ronald Ross na mbu wake wa 1897. Hawa wa Siaya nilikuja kuwajua baada ya kuacha chuo, nikijisomea kwa simu.