Vilima vya Ukambani na Amana ya Wazee

Baada ya hesabu za fedha, yafaa taarifa ya mwaka iwe na neno juu ya nchi iliyotuzaa.

Wazee husimulia kwamba Mulungu alimtoa mtu wa kwanza na mkewe katika mwamba wa Nzaui, huko Makueni. Na mwamba huo waonekana hata leo. Masimulizi mengine yasema kwamba mababu walitoka pande za Kilimanjaro, wakapitia vilima vya Chyulu na Nzaui, hata wakafika Mbooni, yapata karne ya 17. Habari hizi mbili hazigombani. Ya kwanza yatufundisha kuwa nchi ni amana. Ya pili yatuonyesha njia tuliyoijia.

Mbooni palikuwa na msitu, mvua na udongo mwema. Watu walipozidi, wengine walivuka mto Athi, wakakaa Kitui. Huko Kivoi, mkuu wa misafara ya pembe, alimpokea mmisionari Krapf mwaka 1849. Tarehe 3 Desemba Krapf aliuona kwa mbali mlima ambao Wakamba waliuita Kiinyaa. Na kutoka vinywani mwao aliandika jina ambalo leo ni la taifa zima.

Lakini urithi mkubwa kuliko jina ni ithembo. Chini ya miti mikuu wazee walitoa sadaka kuomba mvua, wala haikuruhusiwa kukata hata tawi. Kwa heshima hiyo miti ilisalia, mizizi ikashika udongo, na chemchemi hazikukauka upesi. Heshima ilipopungua, shoka liliingia. Sasa mvua ikinyesha juu ya kilima kitupu, udongo wetu hushuka hadi Athi, ukaishia baharini karibu na Malindi. Na akina mama huchimba mchanga wa mito mikavu wakitafuta maji.

Hatusemi kwamba watu wa kanisa warudi kutambika. Twasema kwamba mti uliolindwa kwa hofu ya wazee waweza kulindwa kwa akili ya wajukuu. Mwethya tunao bado; ndio uliochimba matuta mengi ya milimani katika miaka ya 1950.

Basi kila tawi la chama liwaulize wazee wake majina ya mathembo na chemchemi, liyaandike, kisha lipande hapo miti ya asili. Mzee akifa kabla ya kuulizwa, huenda na chemchemi yake. Mwacha asili ni mtumwa.